Kwa nini vizuia sauti vya bunduki vya zamani vilivyokuwa kimya kabisa vimeachwa?

Mwana_Barabara12

Wakuu kwema humu. Mi sio askari wala sina bunduki, hata manati nilishaacha, ila kuna ubishi umetokea kijiweni kwetu Ngamiani kwenye kahawa na mpaka sasa haujaisha. Kuna jamaa anapenda mno habari za vita vya zamani, anasema Waingereza kwenye Vita ya Pili walikuwa na bastola inaitwa Welrod, mtu akipigwa nayo chumba hiki wa chumba cha pili hajui kitu, na siri yake eti ni washa za mpira zilizopangwa ndani ya bomba, risasi inatoboa inapita, mpira unajifunga nyuma yake, gesi inabaki ndani. Nikasema huyu anatupiga fiksi. Nimeingia mtandaoni kucheki, nakuta bastola ilikuwepo kweli na kweli ilikuwa kimya, ila nakuta pia hizo za mpira siku hizi karibu hakuna anayezitengeneza, wamehamia kwenye visahani vya chuma tupu ambavyo wenyewe wanakiri vina kelele zaidi. Afu sio za mpira peke yake, kuna za wavu wa waya zimeachwa, kuna za kuzungusha gesi kama konokono zimeachwa, mpaka za yule Maxim aliyeanzisha biashara yenyewe hazipo. Sa swali langu ndo hilo, inakuwaje kile kinachofanya kazi vizuri zaidi ndo kinatupwa? Mwenye elimu atumwagie, na tafadhali msinijibu "teknolojia imekua" maana hilo hata muuza kahawa kalisema.

Kibabu_Chumbageni

Ngoja waje wajuvi, mi nimekaa pale na kashata yangu. Ila dogo kwa mada hii jiandae, wazee wa kazi watakuja kunywa na nyie hiyo kahawa 😀

FundiSeif_Makorora

Mi pikipiki ndo zangu, bunduki nazijua za walinzi wa benki tu, lakini nusu ya jibu nnalo hapa kwenye benchi. Kuna vijana wanavua ekzosi ya kiwandani wanafunga zile za michezo, zile ndani zina bomba lenye matundu limezungushiwa pamba, ya chuma au ya nyuzi za kioo, ikiwa mpya inaunguruma nzito ya kistaarabu kabisa. Sa mpe muda. Juzi nimeifungua ya jamaa wa Pongwe analalamika pikipiki imeanza makelele trafiki wanamsimamisha kila kona, nikang'oa riveti nikavuta na koleo, kilichotoka ni donge jeusi linanata oili, ukilifinya nusu linakuwa unga mkononi, na upande ule unaotazama injini hakuna pamba kabisa, imeliwa na moto bomba linaonekana tupu. Ekzosi ya kiwandani haina pamba, ina vyumba vya bati vimechomelewa humo moshi unagonga huku unarudi kule, vijana hawaipendi lakini pikipiki inakufa yenyewe inabaki. Kwa hiyo mi nnavyoona kile kinachokunywa joto ndo kinachokunywa sauti na ndo hicho hicho kinachoungua. Kama injini ya cc 125 inafanya hivyo, baruti je?

Mstaafu_Duga

Salaam wanangu. Nimekaa na vitu hivi ghalani miaka mingi, ghala gani hamna haja ya kujua, sasa niko Duga nafuga kuku. Fundi kagusa penyewe lakini ngoja niingie ndani kidogo maana swali la kijana lina akili.

Bunduki ikilia mnasikia mambo kadhaa yameshikana mnadhani moja. Kuna gesi ya baruti inatoka mdomoni mwa mtutu na mgandamizo wote, hicho ndo kishindo. Kuna risasi yenyewe, ikienda kasi kuliko sauti inapasua hewa njia nzima mpaka inapotua, na sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa joto letu la Tanga karibu 350, wakati risasi ya AK inatoka na mita mia saba na kitu. Huo mlio wa kupasua hewa hata ufunge nini mdomoni huuondoi. Afu kuna vyuma, bolti inavyorudi na kwenda. Kifaa mnachokizungumzia kinashughulika na gesi tu, basi.

Sasa Welrod. Waliitengeneza SOE, wale Waingereza wa kazi za siri, kwenye karakana yao karibu na Welwyn kwenye 1942 au 1943. Walikwenda mbali kweli kweli. Bomba linafunika mtutu wote, gesi inavujishwa mapema ili risasi ipungue mwendo, mbele kuna visahani na hizo washa za mpira, na bastola haijikoki, ukishapiga unazungusha kitasa cha nyuma kwa mkono unavuta ganda litoke, kwa hiyo hakuna chuma kinacholia. Hata mpini ni magazini yenyewe imevishwa mpira, ukiichomoa unabaki na kipande cha bomba mtu akikiona atadhani ni pampu ya baiskeli. Kimya? Ndio, kimya.

Lakini zile washa kila risasi inazikata kidogo. Risasi ya kwanza tundu ni jembamba, ya tano limetanuka, zikifika kumi na kitu mpira umechanika na kelele zinarudi. Na tatizo lingine jamaa yenu wa kijiweni hakulisema, risasi inagusa kitu laini kabla haijatoka, inayumba, kwa hiyo ni silaha ya kumsogelea mtu mpaka umguse. Kwa kazi ile haikuwa shida. Ni mlinzi mmoja, getini, usiku, risasi moja au mbili, basi. Washa zikiisha unabadilisha ukirudi, kama unarudi. Yule anayeuliza mbona kizuri kimeachwa kwanza aulize kizuri kwa risasi ya ngapi.

Warusi nao walikuwa na ya kwao, Bramit, ya ndugu wawili wa ukoo wa Mitin, inakaa kwenye bunduki ya Mosin na kwenye bastola ya Nagant, nayo ni mapande ya mpira mnene. Wapiganaji wa msituni waliitumia sana nyuma ya mistari ya Wajerumani. Sasa fikirieni mpira na majira ya baridi ya Urusi. Mpira ukipigwa na baridi kali unakakamaa, haujifungi tena, na risasi zenyewe ilibidi ziwe maalumu zenye baruti kidogo, ukichanganya ukaweka ya kawaida umeharibu kila kitu kwa mara moja. Wamarekani kule Vietnam walikuja na yao kwa SEAL, makomando wao wa majini, wakaiita Hush Puppy kwa sababu ilikusudiwa mbwa walinzi, kile kipande cha ndani kilihimili kama risasi 30 za mwendo mdogo, ukiweka za kawaida ni chache tu kimekwisha. Kwa hiyo askari anabeba bastola, anabeba risasi maalumu, anabeba vipande vya akiba. Wale wa stoo wanajua hiyo ni balaa gani. Kitu kimoja kikichelewa kufika vile vingine viwili havina maana.

Mwana_Barabara12

Shikamoo mzee. Daah hapa umenipa kitu, yaani kumbe ni kama vile ile kimya ilikuwa ya kununua kwa mkopo. Na za wavu wa waya? Maana mpira naelewa unachanika, waya mbona ni chuma?

Mstaafu_Duga

Marahaba. Waya rudi kwa fundi, kashakujibu. Ile maarufu ni High Standard HDM, bastola ndogo ya .22 ya wale OSS, majasusi wa Marekani wa Vita ya Pili, ndani imejazwa wavu wa shaba umezungushwa na mwingine umekatwa visahani. Wavu una eneo kubwa, gesi ikipita inapoa haraka, ikipoa mgandamizo unashuka, sauti inakufa. Ndo maana ilikuwa kimya mno. Lakini yale matundu madogo madogo ndo yanayokamata masizi na madini ya risasi, .22 ni chafu kuliko zote, baada ya mamia machache wavu umeziba huku na umeungua kule, unautoa unatupa. Na haikufa haraka kama mnavyodhani, Gary Powers rubani wa ndege ya kijasusi U-2 aliyeangushwa Urusi Mei 1, 1960 alikutwa nayo. Ilidumu kwa sababu watu wa aina ile hawapigi risasi nyingi. Wengine hawapigi hata moja.

Mjukuu_wa_Manamba

Mzee heshima yako lakini mi nadhani mnazunguka mbuyu. Kilichoua ni sheria, hakuna kingine. Maxim alipata hataza yake 1909, akawa anauza madukani Marekani kwa dola chache kama mnavyonunua tochi, hata rais Theodore Roosevelt alikuwa nayo kwenye bunduki yake ya Winchester. Imefika 1934 wakaleta ile sheria ya silaha, ukitaka kununua kifaa hicho lipa kodi dola 200, na dola 200 ya 1934 ilizidi bei ya bunduki yenyewe mara kadhaa. Soko likafa siku hiyo hiyo. Bila soko nani atahangaika kuboresha? Kwa hiyo zile za Maxim hazikuachwa kwa ubovu, zilinyongwa. Na angalieni hiyo kodi haikupandishwa wala kushushwa mpaka ilipofanywa sifuri mwanzoni mwa 2026, kwa hiyo kadiri thamani ya dola ilivyoshuka watu wakaanza kumudu, na ndo hapo hapo unaona makampuni yamefumuka na miundo mipya imeanza kutoka kila mwaka. Hii ni hesabu ya pesa, nyie mnaongelea mipira.

Mstaafu_Duga

Mjukuu umeongea la maana kwa upande wa Marekani na sikatai. Lakini Maxim mwenyewe alishaanza kuachana na za bunduki kabla ya 1934, kampuni yake ikabaki na vizuia sauti vya injini na mitambo, kule ndo kulikuwa na hela. Na sheria ya Washington ilimhusu nini Mrusi? Ilimhusu nini Mwingereza na Welrod yake? Wale walikuwa na serikali nyuma yao, wana hela na wana vita, na bado mpira wakauacha. Urusi waliendelea nao kwenye PBS-1, kizuia sauti cha AKM, ile AK iliyoboreshwa, pale mpira mmoja ulikuwa na kazi ya ziada, unazuia gesi ili mgandamizo utoshe kusukuma bunduki ijikoke na zile risasi zao dhaifu. Mpira ukichakaa sio kelele tu zinarudi, bunduki inaanza kugoma katikati ya kazi. Hapo hakuna kodi, hapo kuna mtu gizani anashika silaha imekwama.

Kuhusu muundo wa Maxim wenyewe, wazo lake lilikuwa kuizungusha gesi ndani ya visahani vilivyopinda ili ichelewe kutoka, na tundu akaliweka pembeni sio katikati ili bomba lisikuzibie shabaha. Akili sana kwa wakati ule. Ila visahani vyenye mikunjo vile ni kazi kuvitengeneza, uchafu unajificha kwenye mikunjo, na baadaye ikaonekana visahani vyepesi vya umbo la koni vinavuruga gesi vya kutosha bila mapambo yote yale. Jeshi la Marekani liliijaribu kwenye bunduki zao za Springfield za 1903, haikuenea.

dogo_janja_pangani

Sa wakuu kwa maelezo haya si mtu anaweza kujichongea yake tu hapo SIDO 😂😂

Mstaafu_Duga

Kijana hapana. Hapa tunaongea historia. Silaha na vya kwake vyote ni kibali cha polisi, bila hicho ni mahakamani, na ukikosea kupanga tundu na mtutu risasi inatoka na kipande cha bomba kinakurudia usoni. Nimeona uso wa mtu wa hivyo na sitaueleza humu. Tuendelee.

Nesi_Raskazone

Habari zenu kaka zangu, mzee shikamoo. Mimi nafanya kazi na masikio kwa hiyo nitaingilia hapo hapo. Nyie wote mnaongelea kumficha mpigaji, lakini mnasahau sikio la mpigaji mwenyewe, na nadhani ndo lililobadilisha kila kitu. Bunduki ya kivita bila kifaa inafika desibeli 160 na zaidi. Kwa sauti ya kishindo cha mara moja ukivuka 140 unaumia hapo hapo, vinywele vya sikio la ndani vikikatika havioti tena. Kifaa kizuri kinapunguza kama 20 mpaka 35 hivi. Piga hesabu, bado uko kwenye 130 na kitu, sio ule mlio wa kupuliza mshumaa wa kwenye filamu, mtaa mzima watakusikia. Lakini umevuka kuja upande wa chini ya 140 na hiyo ndo tofauti ya mtu kusikia wajukuu zake akizeeka na kutosikia. Ndo maana kule Norwei na Finlandi wawindaji wanavitumia kama kitu cha kawaida, ni afya, hakuna mambo ya jasusi.

Sasa ukishasema lengo ni sikio, maana yake askari au mwindaji atapiga nyingi, mazoezi kila wiki, mamia, maelfu. Mpira unaokufa kwenye risasi ya kumi na tano utamsaidia nini? Afadhali kitu kinachopunguza 28 leo na 28 mwakani kuliko kinachopunguza 40 mpaka saa nne asubuhi.

Na jambo moja la kusikitisha, baba yake huyo Maxim wa vizuia sauti ndiye aliyebuni bunduki ya Maxim, ile bombomu. Uzeeni alikuwa kiziwi, masikio yameharibiwa na miaka ya kufyatua mitambo yake mwenyewe. Hapa kwetu nakutana na wavuvi wa mabomu, wale hata ukiwaita kwa jina nyuma yao hawageuki, na bado anakwambia baruti haijamfanya kitu.

Mpenda_Urithi_Tanga

Dada umenigusa. Mnajua hizo bombomu za mzee Maxim zililia hapa hapa? Novemba 1914, Waingereza wanashuka Raskazone na askari wa Kihindi, kamanda wa Wajerumani von Lettow-Vorbeck anawasubiri mjini, Maxim za Wajerumani zikawakata, na nyuki nao wakaingia kwenye vita. Kwa hiyo baba kelele zake ziko kwenye historia ya Tanga, mtoto kaenda kutafuta namna ya kuzinyamazisha. Halafu kuna kitu kinaendana na mada. Askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na bunduki za kizamani za Mauser 71 zinazotumia baruti nyeusi, ukipiga wingu la moshi linapanda adui anakuona ulipo. Shabaha yake haikuwa mbaya ila moshi unakuchongea. Mapigano yale yalipoisha wakaokota bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu na risasi 600,000, na wale wa kampuni zile wakaachana na za moshi. Kwa hiyo mjukuu wa Manamba, hapo hakukuwa na sheria wala soko, askari kaona kingine akakiacha cha mwanzo.

Mjukuu_wa_Manamba

Sawa lakini hapo walikiacha kibovu wakachukua kizuri. Swali la mwenye mada ni kinyume chake, wameacha kimya wakachukua kelele. Bado nasema fuata hela.

Nesi_Raskazone

Kaka, kimya ni moja ya sifa. Ukipima kwa sifa moja tu utaona wameacha kizuri. Pima uzito, pima joto, pima kinadumu mpaka lini, pima shabaha, utaona hakijawahi kuwa kizuri kwa anayepiga nyingi.

Mwana_Barabara12

Hapa kijiweni wameshaanza kugawanyika, jamaa wa Welrod kanuna. Mzee naomba mbili za mwisho. Ile ya konokono vipi, na ile MP5SD ya Mjerumani ambayo naiona kwenye kila filamu, ile haina mpira wala wavu, mbona nayo nasikia wanaiweka kabatini?

Mstaafu_Duga

Konokono ni za SIONICS, kampuni ya Mitchell WerBell, miaka ya 60 mpaka 70, ndo alizofunga kwenye MAC-10, ile bunduki ndogo ya rashasha ya Gordon Ingram. Wazo zuri kwenye karatasi, gesi izunguke njia ndefu ndani ya bomba fupi. Kasoro yake ni kwamba njia nyembamba ndefu ni njia ya kuziba, na gesi isiyotoka mbele inatafuta pa kutokea, inarudi nyuma. MAC-10 inafyatua risasi zaidi ya elfu kwa dakika, kile kifaa kinapata joto hukigusi bila kitambaa. Sten, rashasha ya Waingereza, ile yenye bomba la kimya ilikuwa na shida hiyo hiyo, waliivisha turubai mkono usiungue na wakawaambia askari wapige moja moja, ukimwaga mfululizo unakiua kifaa. Kampuni ya MAC ikafilisika katikati ya miaka ya 70 na mambo mengine ya mikataba humo, kwa hiyo mjukuu hapo nakupa pointi yako, sio kila kitu kilikufa kwa kosa la fundi.

MP5SD ni habari nyingine na mi naiheshimu. Imeanza 1974. Mtutu wake una matundu 30, gesi inatoroka kabla risasi haijamaliza safari, kwa hiyo hata ukiweka risasi ya kawaida ya dukani ya 9mm inatoka chini ya kasi ya sauti. Tatizo la Bramit la risasi maalumu wakalimaliza, safi. Lakini wamelipia, maana ukitoboa mtutu umeunyang'anya nguvu milele. Huwezi siku moja ukasema leo nataka risasi iende mbali, bunduki nzima imejengwa kuzunguka ule ukimya, bomba hulitoi ukaweka pembeni ukaendelea na kazi. De Lisle ya Waingereza ilikuwa vivyo hivyo, bunduki ya .45 kwenye mwili wa bunduki yao ya jeshi ya Lee-Enfield, kimya kiasi kwamba kelele kubwa ni bolti unapoikoki, na zilitengenezwa kama 130 tu dunia nzima. Kisha 2011 ikaja rasmi risasi ya .300 Blackout, bunduki fupi moja, kifaa kimoja cha kufunga na kufungua, ukitaka kimya unaweka magazini ya risasi nzito za polepole, ukitaka nguvu unabadilisha magazini. Kilichokuwa kazi ya mtutu kikawa kazi ya magazini. Hapo MP5SD haikushindwa kwa ukimya hata chembe, ilishindwa kwa kuwa na kazi moja.

Na sasa hivi wanachokipigania wala sio kimya tena. Marines wa Marekani tangu kama 2020 walianza kugawa vifaa kwa askari wao wa miguu wote, na jeshi lao la nchi kavu bunduki mpya iliyochaguliwa 2022 imekuja na kifaa chake. Ukishampa kila mtu shida inakuwa ile gesi inayorudi nyuma. Kisahani cha zamani kinaibana gesi, gesi inarudi kwenye bolti, inatoka pembeni mwa uso wa anayepiga, macho yanawasha, unameza moshi wenye kaboni monoksaidi na vumbi la madini ya risasi, na bunduki inachafuka inakwenda mbio kuliko ilivyopangiwa. Kwa hiyo miundo mipya inaacha gesi ipite mbele kirahisi zaidi, wanakubali desibeli kadhaa zipotee ili askari apumue. Njia zile ni ngumu kuchonga kwa mashine ya kawaida, kwa hiyo nyingi wanaziprinti kwa unga wa chuma na leza. Mnaona, visahani vile vile vilivyoua mpira navyo vimeanza kusukumwa pembeni, na tena kwa kitu chenye kelele zaidi kidogo.

Kibabu_Chumbageni

Kashata imeisha mada bado tamu. Kwa hiyo mzee tukae mkao wa kula, miaka ijayo watarudi kwenye konokono?

Mstaafu_Duga

Kwa namna fulani wamesharudi, baadhi ya hizi mpya zina njia za kuzunguka gesi kama alivyowaza Maxim na WerBell. Tofauti ni chuma. Wao walikuwa na chuma cha kawaida na bati, leo kuna titani kwa wepesi na kuna zile aloi za mitambo ya ndege zinazovumilia moto. Miundo mingine ilikufa kwa sababu ilizaliwa mapema.

FundiSeif_Makorora

Mzee swali la fundi. Hizo za kuprinti au zilizochomelewa moja kwa moja, zinafunguliwa kusafishwa? Maana mi ekzosi isiyofunguka huwa naikata na grainda.

Mstaafu_Duga

Nyingi za bunduki kubwa hazifunguki kabisa, zimechomelewa, na hazihitaji sana maana gesi ina nguvu na joto la kupuliza uchafu wenyewe kwa kiasi kikubwa, nyingine wanaloweka kwenye dawa basi. Ila za .22 karibu zote bado wanazitengeneza za kufunguka mpaka leo, visahani vinatoka kimoja kimoja unavikwangua. Risasi yake ni madini laini hayajavikwa shaba, yanaganda kwenye visahani tabaka juu ya tabaka, usipofungua kifaa kinakuwa kizito kama rungu na mwisho hakifunguki hata kwa praisi. Wavu wa HDM ungekuwepo ungeziba wiki ya kwanza.